Mume wangu amepata maneno nyikani, mimi nimekosa usingizi

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mama wa miaka 61, mzaliwa wa Tanga. Tumeishi Adelaide, kusini mwa Australia, tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Mume wangu naye ni mtu wa Tanga. Ameendesha mabasi ya mji huu mpaka alipostaafu, nami nimehudumia wazee kwenye nyumba za kuwatunzia mpaka mgongo ukakataa. Watoto wamekua, kila mmoja ana kwake. Hatupigani, hatutukanani, na hakuna mwanamke wa nje. Nayasema mapema usije ukadhani naleta shauri la ndoa iliyooza.

Alipostaafu alinunua karavani ya mtumba, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari: kitanda, jiko la gesi, friji, matangi ya maji, sola juu ya paa. Huku wastaafu wengi wana mtindo huo. Baridi ya kusini ikianza wanafunga nyumba zao na kulifuata jua kaskazini. Wenyewe huwaita wahamaji wenye mvi. Nasi tumekwenda mara kadhaa, na sitakudanganya, nimeona mambo ambayo sikuyategemea. Coober Pedy, mji wa wachimba vito vya opali, watu wanaishi kwenye nyumba zilizochongwa chini ya ardhi kukimbia joto. Mataranka nimekaa kwenye chemchemi ya maji ya vuguvugu, juu yangu miti iliyofanana na mivumo ya kwetu. Marree tuliona msikiti mdogo wa udongo na paa la manyasi, uliojengwa upya kuwakumbuka Waislamu walioletwa karne ya 19 pamoja na ngamia wao, wakabeba mizigo ya nchi hii kabla ya reli na malori. Mzee wangu alisimama pale kimya, kisha akasali rakaa mbili mchangani.

Shida yangu ni usiku. Mzee hataki kambi za kulipia, zenye umeme, bafu, taa na majirani. Anataka kambi za bure: vituo vya mapumziko kando ya barabara kuu, ambako unaruhusiwa kulala hadi saa 24 kisha uondoke, au kiwanja nje ya mji mdogo ambacho halmashauri imewaachia wasafiri wenye vyoo vyao ndani. Mara nyingine tunakuwa magari mengi, watu wanasalimiana, wanaota moto. Mara nyingine tunakuwa peke yetu. Malori yenye trela tatu yanapita usiku kucha na karavani inatikisika. Usiku mmoja gari lilikuja, taa zake zikatulia kwenye dirisha letu, halafu likaondoka. Sikulala hadi alfajiri. Nimesoma habari za yule Mwingereza, Peter Falconio, aliyeuawa mwaka 2001 kwenye barabara kuu ya Stuart, hiyohiyo tunayopita sisi, karibu na Barrow Creek. Muuaji alifungwa, mwili haukupatikana. Na sisi, Bi Mshauri, mara nyingi ndio weusi pekee kambini. Watu wengi ni wema. Lakini huwezi kujua nani atakuja.

Safari iliyopita tulikuwa tumelala kusini ya Tennant Creek, mji mdogo wa nyikani, hakuna mtandao hata chembe. Tulipoingia mjini simu ikaanza kulia mfululizo. Mama yangu, ambaye yuko Tanga na ana umri mkubwa, alikuwa amelazwa tangu juzi yake kwa presha. Mdogo wangu alikuwa amepiga na kupiga. Nilipompata akaniambia mama ameshapata nafuu, anakunywa uji. Mzee akasema, "Alhamdulillahi, unaona, yuko salama," akaenda kujaza maji. Nikabaki kwenye maegesho ya magari nikilia peke yangu, na wapita njia wananitazama.

Sasa anataka tupangishe nyumba kuanzia mwezi wa tano, twende mwaka mzima, tulizunguke bara lote kwa Barabara Namba 1, kilomita kama 14,500. Anasema hesabu inakubali tu tukilala bure siku nyingi. Dalali ameshaleta mkataba. Binti yangu ananiambia, "Mama, mwambie Baba hapana." Shoga yangu mmoja ananiambia mke humfuata mume.

Ningeweza kusema hapana. Lakini kuna jambo moja linanifunga mdomo. Nyumbani mume wangu hasemi. Miaka yote alirudi kazini amechoka, akala, akasema "sawa", akalala. Kustaafu hakukubadilisha kitu. Anashinda bustanini na redio. Kule nyikani anakunja suruali, anachemsha chai ya tangawizi, anakaa kwenye kiti chake cha turubai na anazungumza. Amenihadithia baba yake alivyofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Muheza, na alivyolia siku alipouza baiskeli ili mwanawe asome. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia habari hiyo. Namwona kijana niliyeolewa naye. Nikikataa safari, namrudisha kwenye "sawa". Nikikubali, ni mwaka mzima wa kukodoa macho gizani nikisubiri habari za mama yangu zinifikie zikiwa zimechelewa.

Sijui nishike lipi.

Mama Mtu, Adelaide

*

Mama Mtu, wa alaykum salaam.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikirudi nasimama palepale: kwenye kiti cha turubai na habari ya baiskeli. Wake wengi huniandikia kulalamika kwamba mume hasemi. Wewe umempata anayesema, ila umempata mahali ambapo wewe hulali. Huo ni mzigo mzito, nami sitauita woga wa kike wala ubishi.

Niruhusu niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Unaipenda miji ile na njia ile. Usichokipenda ni usiku usio na watu. Chini ya usiku huo kuna mama yako. Na juu ya yote kuna hofu kwamba ukitamka neno moja tu utamfunga mumeo mdomo tena. Yote haya umeyaweka kwenye swali moja, twende au tusiende, na ndiyo maana halijibiki. Dalali naye ameliongezea haraka.

Nianze na mama, kwa kuwa ndiye naona anayeuma zaidi. Wewe na mimi tunajua mazishi yetu hayangoji mtu. Siku Mungu atakapoamua, na aiweke mbali, kutoka Adelaide kwenyewe huenda usiwahi. Hilo naliandika kwa uchungu, lakini nadhani ulishalijua siku mlipohamia huko. Kwa hiyo kilichokuliza Tennant Creek sidhani kama ni umbali. Ulilia kwa sababu mama alikuwa kitandani nawe ukaendelea kupika na kufua bila kujua, na ulipojua, aliyekuwa karibu nawe alilifunga jambo kwa sentensi moja akaenda kujaza maji.

Hapo nina swali la upole. Je, umemwambia yeye mwenyewe? Katika barua yako yote sikuona mahali ulipomweleza mzee kilichokupata pale kwenye maegesho. Yeye alisikia "amepata nafuu" akashukuru, na alishukuru kwa dhati. Huenda mpaka leo anaamini shida yako ni nyoka na malori. Mtu hawezi kulipima jambo asilolijua kwenye hesabu zake, na hesabu za mzee zina mafuta, gesi na kodi ya nyumba. Usingizi wako haumo, simu ya Tanga haimo.

Sasa hesabu zenyewe, maana kasema zinakubali tu mkilala bure. Mimi si mhasibu, lakini hebu tuzitazame. Kambi yenye umeme kwenye miji midogo ya huko huweza kuwa dola 40 au 50 kwa usiku, na viwanja vya maonyesho vya miji mingi hutoza pungufu ya hapo. Upande wa pili kuna mafuta. Gari linalovuta karavani tuseme linakunywa lita 16 kwa kilomita 100. Siku ya kilomita 300 ni karibu lita 48, na kwenye vituo vya katikati ya nyika, ambako lita moja huvuka dola 2, hiyo ni takriban dola 100. Maana yake siku moja mkikaa mahali bila kuendesha, mmepata kambi ya kulipia ya siku mbili. Kinachokula pesa kwenye safari ya namna hii ni mwendo kuliko malazi. Mzee ni dereva, kilomita amezizoea, pengine hajaliangalia jambo kwa upande huo. Muulize kama ni lazima kilomita 14,500 ziishe ndani ya mwaka mmoja. Nani anawahesabia?

Kuhusu usiku kandoni mwa barabara, sitakuambia hakuna cha kuogopa. Kisa ulichokitaja ni cha kweli, na kinatisha zaidi kwa kuwa kilitokea kwenye njia mliyopita. Lakini hatari za kila siku za barabara ile ni nyingine: usingizi wa dereva, kangaruu na ng'ombe wanaovuka machweo, joto, na umbali wa kufikia daktari. Hizo zinamhusu yeye usukani zaidi kuliko wewe kitandani. Hata hivyo, hofu isiyo na hatari nyuma yake bado inakukosesha usingizi, na mtu wa miaka 61 asiyelala wiki nzima ni hatari kwa afya yake. Wala usiombe radhi kwa kuona kwamba ninyi ndio weusi pekee. Mumeo amepita maisha hayohayo ndani ya basi, na kila aina ya abiria. Huenda ameamua kutolitazama ili apate raha. Inafaa mlizungumze mkiwa wawili.

Wapo wanaojiwekea utaratibu: kituo cha kando ya barabara wanalala tu ikiwa yapo magari mengine, wanafika mapema jua likiwa bado juu, na asiyeridhika kati ya wawili akisema "tuendelee", gari linawashwa bila mjadala. Hilo la mwisho ndilo ningependa ulifikirie sana. Kwa maelezo yako, kila jioni ni yeye anayechagua wapi mtalala, na wewe unapokea. Sijui mambo yangekuwaje kama ungekuwa na uwezo wa kusema "hapa hapana" na kusikilizwa palepale. Labda usingelitumia mara nyingi. Labda ungelala vizuri zaidi kwa kujua unalo.

Mawasiliano nayo yana mengi ndani yake. Kipo kile kifaa kidogo cha dharura cha setilaiti, kinachosajiliwa bila malipo kwa Mamlaka ya Usalama wa Baharini ya Australia. Ukikibonyeza popote, hata pasipo mtandao wa simu, waokoaji wanajua mlipo. Ni kitu kizuri kuwa nacho. Lakini kinatoa kilio chako kwenda nje, hakikuletei habari za Tanga. Watu wakikuambia "nunueni hicho, mambo yamekwisha," watakuwa wametibu ugonjwa mwingine. Kinachokufaa wewe ni intaneti ya setilaiti, ambayo wasafiri wengi siku hizi wanayo juu ya paa. Ina gharama ya kifaa na malipo ya kila mwezi, na inataka umeme wa kutosha. Tena ina hasara moja: pengine mzee anazungumza kule kwa sababu simu zimekufa. Mkiileta intaneti hadi kwenye kiti chake cha turubai, isije ikawa ndiyo redio mpya.

Ipo njia ya katikati isiyo na gharama. Muda wa Adelaide na wa Tennant Creek, kipindi cha baridi, umeitangulia Tanga kwa saa sita na nusu. Mnapotafuta kambi saa kumi jioni, kule ni saa tatu na nusu asubuhi, watu wameshatawanyika kwenye shughuli zao. Lakini saa saba mchana, mnapopita mjini kununua mkate na mafuta, na mtandao upo, Tanga ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama ameshasali, bado yuko kwenye mkeka wake. Mkipanga kila siku au kila siku ya pili saa hiyo iwakute penye mnara wa simu, na mdogo wako akaijua, umeshapunguza giza kwa kiasi kikubwa. Haitazuia jambo kutokea usiku. Ila hutakaa tena muda wote ule bila kujua.

Nina jambo linalonisumbua ambalo hukuniuliza. Mzee amesema anavyotaka kuutumia mwaka huo. Binti yako amesema, shoga yako amesema, hata dalali amesema. Wewe hukuandika neno moja kuhusu unavyotaka wewe. Kama ungepewa mwaka na nyumba yenye mpangaji, ungekwenda wapi? Sitashangaa kama sehemu ya jibu ni Tanga. Kodi ya nyumba inayoweza kununua mafuta inaweza kununua tiketi. Labda ni miezi michache kwa mama na michache barabarani. Labda mzee aanze peke yake, wewe umkute Alice Springs au Darwin, ambako ndege zinafika. Zipo ndoa zinazofanya hivyo zikafaidika. Lakini zina bei yake: mwanamume mwenye umri ule peke yake nyikani anaweza kuugua pasipo mtu wa kumsaidia, na wewe nyumbani unaweza kujikuta unakesha vilevile, safari hii ukimsubiri yeye. Na zile hadithi za chai ya tangawizi atamsimulia nani?

Nikiwa hapo, je, unaweza kuiendesha gari ikiwa na karavani nyuma? Hukusema, na nahisi jibu. Leseni ya kawaida ya gari inatosha kuvuta karavani huko, na yapo mafunzo ya siku moja ya kuvuta na kurudi nyuma. Mkiwa kilomita 200 kutoka Coober Pedy, presha ikampanda yeye, wewe ndiye dereva. Kama una leseni, kaa usukani kwenye kiwanja kitupu. Sikuahidi kwamba hofu itaondoka, ila utakuwa na namna ya kuondoka mahali usipopapenda bila kusubiri mtu aamke.

Shoga yako aliyesema mke humfuata mume simlaumu, amesema alichofunzwa. Nitamkumbusha tu kwamba katika Suratul Baqara, jambo dogo la kumwachisha mtoto ziwa limewekwa kwenye kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Mwaka mzima wa maisha ya mtu haupungui hapo. Na binti yako, naye kwa mapenzi yake, anakutaka useme hapana tupu. Hapana tupu itamaliza mjadala, lakini naogopa itamaliza na mengine, nawe umeliona hilo kabla yangu.

Ukikubali yote kama yalivyo, hatari ni kwamba utakwenda ukiwa na kinyongo, na kinyongo ndani ya chumba cha magurudumu hakina pa kujificha. Mzee atakiona, ataanza kunyamaza hukohuko nyikani, na hapo mtakuwa mmekosa vyote viwili.

Kuna dhana moja ningependa uigeuzegeuze. Umeshaamini kwamba maneno ya mumeo yanaishi kule na kimya chake kinaishi Adelaide. Huenda ni kweli. Lakini tazama kilichopo kule: hakuna redio, hakuna zamu, viti viwili vinaelekeana, na wewe umekaa unamsikiliza bila kuosha chombo. Sijui ni nyota zinazomfungua au ni hayo mengine. Inafaa ujue kabla hujalipia maneno yake kwa mwaka wa usingizi.

Kwa hiyo nina wazo, ulichukue au uliache. Mwezi wa tano bado. Ichukueni karavani siku chache, karibu tu, labda Mannum kando ya mto Murray, ambako si mbali na kwenu na simu inashika. Mkataba wa dalali uacheni nyumbani. Jioni, viti vikishawekwa na chai ikiwa tayari, mwache aseme yake kwanza. Kisha mwambie habari ya Tennant Creek yote, tangu simu ilipoanza kulia. Usimwambie kama mashtaka, wala usiiunganishe na safari ya mwaka. Mhadithie tu kama alivyokuhadithia baiskeli. Uone atafanya nini nayo.

Kabla ya kutia sahihi popote, kama mmoja wenu anapokea pensheni ya serikali au anakaribia, pigeni simu Services Australia, idara ya serikali inayolipa pensheni, muombe ile huduma yao ya bure ya maelezo ya fedha. Kodi ya pango huhesabiwa kama kipato, na inaweza kugusa mnachopata. Hilo mkalifanye pamoja, wote wawili mkiwa mnasikiliza simu, ili hesabu za mwaka huu zisiwe tena za mtu mmoja.

Na ukishatoka Mannum niandikie, hata mistari miwili. Mama yetu wa Tanga msalimie sana.